UZI: Nataka kuifomati hadidiski ya kompyuta ya zamani. Nianzie wapi, na je, faili zinafutika kweli?

#1 chaki_nyeupe

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kabla sijagusa kitu.

Nina kompyuta ya mezani ya siku nyingi, ilikuja na Windows 7 na haijawahi kupigwa Windows upya. RAM GB 4, hadidiski GB 500 ile ya kuzunguka. Zamani ilikuwa inakwenda vizuri tu. Siku hizi ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inajikokota. Ukifungua folda ya picha inaganda weee, halafu inazinduka yenyewe. Na kuna wakati nasikia ndani inagonga "tik... tik".

Nimeamua niifomati yote ianze upya, kisha nimpe mdogo wangu ajifunzie. Ila humo ndani kuna nyaraka za kazi, nakala za vitambulisho, taarifa za benki za miaka na miaka. Sitaki ibaki hata moja. Nimesoma huku na huku nimezidi kuchanganyikiwa: mmoja anasema fomati ya haraka inatosha, mwingine anasema lazima uandike juu yake mara 35, mwingine anasema "fomati ya ngazi ya chini" ndiyo inayoponya diski iliyochoka. Nifuate lipi?

#2 NusuKaratasi

Nimekaa hapa, ngoja waje wenye fani. Na mimi ninayo moja imelala chini ya meza.

#3 Jembe_Bila_Mpini

Fungua Computer, bonyeza kulia kwenye C, chagua Format, subiri. Kwisha habari. Watu mnapenda kukuza mambo.

#4 kifutio

Mkuu Jembe, umewahi kufanya hivyo kwenye C yenyewe? Windows haikubali kufomati patisheni (sehemu ya diski, kama C au D) ambayo yenyewe imesimama juu yake, inakataa papo hapo. Lazima kompyuta iwashwe kwa kitu kingine, DVD au flashi, ndipo C iguswe.

#5 Jembe_Bila_Mpini

Hahaa, basi aanze na D.

#6 Fundi_Sekta

Mkuu chaki_nyeupe, fomati iweke kando kwanza. Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hiyo "tik" ikichanganyika na kuganda kwa folda ya picha. Windows iliyochafuka huwa nzito kila mahali, ufungue nini ufunge nini. Diski inayokufa huwa nzito mahali fulani, halafu inazinduka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni kwa sababu kichwa cha kusomea kikifika kwenye sekta (kipande kidogo cha diski cha kuhifadhia data) isiyosomeka, diski za kawaida hazikati tamaa upesi: zinarudia kusoma, zinarudia tena, na muda wote huo Windows imekaa inasubiri jibu.

Shusha programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Ukiifungua utaona taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Orodha ni ndefu, usiumize kichwa. Angalia mistari mitatu tu: 05, C5 na C6. Mstari wa 05 ni sekta ambazo diski imeshazikataa na kuhamishia kazi zake kwenye sekta za akiba. C5 ni sekta zinazosubiri hukumu: diski imeshindwa kuzisoma lakini bado haijaamua kama ni mbovu kweli. C6 ni zile zilizoshindikana hata diski ilipojikagua. Tuletee namba za safu ya mwisho kama zilivyo.

Usiendeshe chkdsk /r kwa sasa, hata akushauri nani. Hiyo hupita diski nzima sekta kwa sekta, na kama diski iko ukingoni unaitwisha mzigo kabla hujatoa vitu vyako. Nakili kwanza. Nyaraka, kisha picha. Filamu ziache mpaka mwisho, na zikigoma zisamehe.

#7 mvua_za_vuli

Nakazia la kunakili, na niongeze yale ambayo watu huyakumbuka wakati diski imeshakuwa nyeupe.

Watu wengi hunakili Documents, Pictures na Desktop wakadhani wamemaliza. Kama ulikuwa unatumia Outlook, barua zako ziko ndani ya faili moja la .pst ambalo mara nyingi limejificha kwenye AppData, folda isiyoonekana mpaka uruhusu folda fiche zionekane. Alamisho na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari nazo ziko hukohuko. Programu ulizonunua zina funguo za usajili, ziandike kwenye karatasi.

Pili, angalia kama kuna faili ambazo majina yake yameandikwa kwa rangi ya kijani. Hizo zimefungwa kwa EFS, ule usimbaji wa ndani ya Windows. Ukizinakili kwenye diski nyingine ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) zinakwenda zikiwa zimefungwa vilevile, na ufunguo wake unabaki ndani ya Windows unayotaka kuiua. Ukifomati, nakala unazo ila hutazifungua tena. Ondoa usimbaji kwanza, au toa cheti chake ukihifadhi mahali pengine.

Tatu, kama flashi yako ni FAT32, mfumo wa faili wa zamani, faili linalofika GB 4 halitaingia hata kama flashi ina nafasi tele. Utaambiwa faili ni kubwa mno. Ifomati hiyo flashi iwe exFAT au NTFS. Na ukishanakili, fungua faili kadhaa ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Kuona majina yamefika hakutoshi.

#8 chaki_nyeupe

Shukrani sana wakuu. Nyaraka zote nimetoa, zinafunguka kwenye laptopu ya ofisini. Za kijani sikuwa nazo. Picha zimetoka karibu zote isipokuwa folda moja ambayo inakwama palepale kila nikijaribu.

CrystalDiskInfo imeandika "Caution" kwa njano. Namba za mwisho:

05: 0000000000C8
C5: 000000000018
C6: 000000000018

Hizo sufuri na herufi ndiyo nini sasa?

#9 Fundi_Sekta

Programu hiyo huonyesha namba kwa mfumo wa kumi na sita usipoibadilisha, ndiyo maana kuna herufi. C8 ni 200 kwa namba tunazohesabia sisi. 18 hapo si kumi na nane, ni 24.

Kwa hiyo diski yako imeshazika sekta 200, na nyingine 24 zinasubiri. Namba moja moja kwenye 05 zikikaa bila kuongezeka zisingenitisha. Lakini 200 pamoja na 24 zisizosomeka, pamoja na mlio, pamoja na folda inayokwama palepale, hapo sina maneno ya kukufariji. Hiyo diski usimpe mdogo wako. Kompyuta mpe, diski badilisha.

Folda iliyokwama kama ina picha za maana, usiendelee kuifungua kwa Windows. Washa kwa flashi ya Linux (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows) utumie programu ya ddrescue. Hiyo huvuna kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, sehemu ngumu inaziruka na kuzirudia mwisho, huku ikiweka ramani ya ilipofika, hata umeme ukikatika inaendelea ilipoachia. Kunakili kwa kawaida hufanya kinyume: kunang'ang'ania pabaya mpaka pazidi kuwa pabaya.

#10 Jembe_Bila_Mpini

Hapo nakupinga Fundi. Mimi laptopu yangu ilikuwa na hiyo C5, nikapiga fomati ndefu (ile kamili, si ya haraka), C5 ikarudi sufuri. Diski ikapona. Mpaka leo nasikilizia nyimbo humo. Usimtishe mwenzako anunue vitu.

#11 Fundi_Sekta

Sikatai ulichokiona mkuu. Ila C5 kurudi sufuri hakumaanishi diski imepona.

Sekta inaingia kwenye C5 kwa sababu imeshindwa kusomwa. Diski haiwezi kuihamisha wakati huo, maana haijui kilichokuwamo na haitaki kukuletea uongo. Inasubiri. Siku ukiandika kitu kipya juu yake, na fomati ndefu ya Windows za kuanzia Vista huandika sufuri kote, diski inapata ruhusa ya kusahau yaliyokuwamo. Inaandika, kisha inaangalia. Ikikubali, sekta inarudi kazini na kutoka kwenye C5. Ikikataa, inazikwa, inatoka C5 na kuongezea 05. Kwa vyovyote C5 inashuka.

Wewe huenda ulikuwa na ile ya kwanza: umeme ulikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta ikabaki nusu, ukaandika upya ikatulia. Hiyo ipo, tena sana. Angalia 05 yako. Kama ni sufuri, una haki ya kusikiliza nyimbo zako. Ya mwenzetu ina 200 na inagonga.

Na mlio ule nao ni wa kuheshimiwa. Vichwa vya diski ya kuzunguka huelea juu ya sahani kwa mwanya mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana, huku sahani zikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Vikishindwa kupata njia yake hurudi pembeni na kuanza tena. Huko kurudi ndiko mara nyingi unakokusikia. Hakuna fomati ya aina yoyote inayofika huko.

#12 Jembe_Bila_Mpini

05 yangu ni sufuri kweli. Haya, nimekaa.

#13 chaki_nyeupe

Nimeelewa, nitabadilisha diski. Lakini swali langu la nyaraka bado. Hii ya zamani nikiitoa nataka iwe tupu kabisa. Hizo mara 35 ni kweli? Na "ngazi ya chini" ndiyo nini?

#14 kifutio

Hapa ndipo penye porojo nyingi, ngoja nizipunguze.

Fomati ya haraka haifuti faili zako. Inaandika upya kumbukumbu za mfumo wa faili, yaani orodha inayosema faili fulani liko sekta fulani, na kutangaza kwamba nafasi yote ni huru. Ni sawa na kufuta majina kwenye daftari la nyumba ya wageni huku wageni wenyewe wamelala vyumbani. Programu za bure kama PhotoRec hazisomi hata daftari, zinapita mlango kwa mlango zikitambua picha na nyaraka kwa jinsi zinavyoanza. Kwa hiyo kumpa mtu diski iliyofomatiwa haraka ni kumpa na taarifa zako za benki.

Fomati kamili inategemea Windows gani. Kwenye XP, fomati kamili ilikuwa inasoma diski nzima kutafuta sekta mbovu, lakini haikufuta data. Kuanzia Vista ndipo Microsoft walipoifanya iandike sufuri kwenye patisheni yote. Wengi wenye uzoefu wa enzi za XP bado wanabishana kwa sababu hiyo, na kila mmoja yuko sahihi kwa Windows yake. Halafu kuna mtego mwingine: ile Format unayoiona unapopiga Windows kwa DVD au flashi, kwenye ukurasa wa kuchagua patisheni, ni ya haraka. Inamaliza kwa sekunde chache, hiyo peke yake ingetosha kukuambia.

Mara 35 zimetoka kwa Peter Gutmann, aliyeandika makala mwaka 1996 kuhusu kufuta data kwenye sumaku. Zile mara 35 zilikusanya mifumo tofauti ya kuandikia iliyotumika kwenye diski mbalimbali za enzi zile na za kabla yake, ili usiyejua diski yako ni ya mfumo upi uwe umezigusa zote. Hakuna diski moja iliyozihitaji zote 35, na Gutmann mwenyewe aliongeza maelezo baadaye akiwashangaa wanaozichukulia kama uganga. Kwa diski ya kuzunguka ya miaka hii, kupitisha sufuri mara moja kwenye diski nzima kunatosha. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-88, nao unasema hivyohivyo kwa matumizi ya kawaida.

"Ngazi ya chini" ilikuwa kitu halisi miaka ya 1980, wakati kadi ya kuendeshea diski ilikuwa kando na mtumiaji aliweza kuchora njia na sekta mwenyewe. Diski za tangu mtindo wa IDE (wenye kidhibiti ndani ya diski yenyewe) ushike kasi huchorwa kiwandani, na wewe huna kifaa cha kuzichora upya. Programu zinazojiita hivyo leo zinaandika sufuri tu. Si vibaya, ila jina ni kubwa kuliko kazi.

Jinsi ya kuandika sufuri: washa kwa DVD au flashi ya Windows, ukifika ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10, dirisha la amri litafunguka. Andika diskpart, kisha:

list disk
select disk 0
clean all

Hiyo 0 ni mfano. Soma ukubwa wa kila diski kwenye orodha kabla ya kuchagua, na chomoa kila diski nyingine, ya ndani na ya nje, hasa ile uliyowekea nakala zako. Diskpart haikuulizi mara mbili. Pia "clean" bila "all" hufuta jedwali la patisheni tu, vilivyomo vinabaki.

Haionyeshi asilimia wala mstari unaosogea, kwa hiyo usidhani imekufa. Piga hesabu: GB 500 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni sekunde 5,000, karibu saa moja na nusu. Ukiwa umeichomeka kwa USB 2.0, ambayo kwa kawaida inakwenda kwenye MB 30 hivi, andaa zaidi ya saa nne na nusu.

#15 Fundi_Sekta

Maelezo safi. Kwa diski yake niongeze kitu kimoja. Zile sekta 200 zilizozikwa haziguswi tena na clean all. Diski imezitoa kwenye ramani, na chochote kilichokuwamo kimekaa humo. Ni kiasi kidogo, sekta 200 za baiti 512 ni kama KB 100, na kuzifikia kunataka vifaa ambavyo si vya mtu wa kawaida. Lakini yeye amesema hataki ibaki hata moja. Diski yenyewe haitumiki tena, basi baada ya sufuri aiharibu kwa mkono. Tutafika huko.

#16 NusuKaratasi

Samahani kuingilia. Yangu iliyolala chini ya meza niliwahi kuiwekea SSD, diski isiyozunguka. Hiyo clean all nayo naifanyia vilevile?

#17 mvua_za_vuli

Hapana mkuu. SSD haikai kwenye utaratibu huo. Ndani yake kuna kidhibiti kinachohamishahamisha data ili chembe zote zichakae sawa, kwa hiyo unapoandika sufuri "palepale", yenyewe inaziandika kwingine, na pale pa zamani panabaki mpaka itakapoamua kupasafisha. Juu ya hayo ina nafasi ya ziada ambayo Windows haiioni kabisa. Unachosha kifaa na bado huna uhakika.

Tumia amri iliyojengwa ndani ya SSD yenyewe, kwa za SATA inaitwa Secure Erase. Programu ya mtengenezaji wa hiyo SSD mara nyingi inayo, na baadhi ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta) pia. Mara nyingi inamaliza haraka sana. Na kama huko nyuma uliisimba diski nzima kwa BitLocker ya Windows au LUKS ya Linux, kupoteza ufunguo ni kufuta kwenyewe.

#18 chaki_nyeupe

Nimepata SSD ya SATA ya GB 240. Sasa niweke nini? Windows 7 naipenda ila nasikia imezeeka.

#19 mvua_za_vuli

Kuzeeka si neno. Microsoft waliacha kuirekebisha tarehe 14 Januari 2020. Chrome iliishia toleo la 109 kwenye Windows 7. Windows 10 nayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na UEFI (mrithi wa BIOS) yenye Secure Boot, na kompyuta iliyokuja na Windows 7 kwa kawaida haina hivyo. Zipo njia za kuilazimisha, ila kumlazimishia mtoto anayejifunza kompyuta ni kumtafutia simu za usiku.

Weka Linux Mint, ile ya Xfce yenye mwonekano mwepesi. GB 4 za RAM zinaitosha. Kama prosesa ni ya biti 64 huna tatizo. Wenye mashine za biti 32 ndio wameanza kukosa pa kwenda: Ubuntu waliacha diski zao za kusakinisha za mezani za biti 32 mwaka 2017, na Debian 13 ya 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

#20 Jembe_Bila_Mpini

Mtoto akienda darasani akakuta wenzake wanatumia Word yeye anaulizwa LibreOffice ni mdudu gani? Mpeni Windows 10 ajifunze kinachotumika.

#21 mvua_za_vuli

Atajifunza kuandika barua, kupanga jedwali na kuhifadhi faili lake mahali atakapoliona kesho. Hayo hayana jina la kampuni. Windows isiyosasishwa ikiwa imeunganishwa na intaneti mikononi mwa anayejifunza, atabonyeza kila kitu, hilo ndilo linalonitisha.

#22 Jembe_Bila_Mpini

Atabonyeza kila kitu hata kwenye hiyo Mint yako.

#23 mvua_za_vuli

Hilo kweli.

#24 Fundi_Sekta

Mkimaliza, turudi kwenye mashine. Mkuu chaki, kabla hujasakinisha chochote ingia BIOS uangalie hali ya SATA. Kwenye kompyuta za umri huo utakuta IDE (ya zamani) au AHCI (mpya zaidi). Weka AHCI *kabla* ya kusakinisha, ndiyo inayofaa SSD. Ukiibadilisha baadaye Windows ikiwa imeshakaa, inaweza kukutolea skrini ya bluu yenye 0x0000007B, yaani imeshindwa kuifikia diski iliyoiwasha. Wenye XP mambo ni kinyume: kisakinishi chake hakina draiva (programu za kuendeshea kifaa) za AHCI, ilibidi ubonyeze F6 na kuwa na draiva kwenye diski laini, au uiache IDE.

Unapotengeneza flashi ya kusakinishia kwa programu ya Rufus, kama BIOS yako ni ya mtindo wa zamani chagua MBR, jedwali la patisheni la zamani. GPT ni ya UEFI. MBR ina kikomo cha TB 2 na patisheni kuu nne, kwa GB 240 hakikuhusu.

Na shusha draiva ya kadi ya mtandao mapema ukaiweke kwenye flashi nyingine. Kwa Mint huenda usiihitaji, ila wasioiweka ndio wanaojikuta wana kompyuta mpya isiyo na intaneti, na draiva iko kwenye intaneti.

#25 chaki_nyeupe

Mint imeingia wakuu! Inawaka upesi mno, mdogo wangu ameshaigombea. Tatizo moja. Kila tovuti nikifungua Firefox inaniambia muunganisho si salama. Intaneti ipo, simu kwenye mtandao uleule inafungua.

#26 kifutio

Angalia saa na tarehe ya hiyo kompyuta.

#27 chaki_nyeupe

Imeandika Januari 2009.

#28 kifutio

Basi ndiyo hiyo. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta iliyoko 2009, cheti kilichotolewa mwaka huu bado hakijazaliwa, kwa hiyo inakikataa. Rekebisha tarehe kwa mkono, tovuti zitafunguka. Kisha badilisha betri ya kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani), ile bapa ya mviringo yenye maandishi CR2032. Chomoa waya wa umeme kwanza. Imekwisha chaji, ndiyo maana ukizima umeme saa inarudi nyuma.

Ukishaiweka, rudi BIOS uhakikishe AHCI bado ipo. Betri ikiisha, BIOS husahau mipangilio yote, ikiwemo hiyo.

#29 chaki_nyeupe

Zimefunguka zote. Betri nimeweka, AHCI ilikuwa imesharudi IDE kweli, nimeirekebisha. Sasa hii diski ya zamani: clean all ilikwenda muda mrefu halafu ikakata na kosa la I/O.

#30 Fundi_Sekta

Imegonga mahali ambapo hata kuandika imeshindwa, na kwa hali hiyo kuanzia hapo mpaka mwisho wa diski hapajafutwa. Kuna programu za kufuta diski kutoka Linux kama nwipe, ijaribu kama una hamu. Lakini ingekuwa yangu nisingepoteza umeme.

Ifungue. Diski za inchi 3.5 nyingi zina skrubu za nyota, kwa kawaida T8, na moja au mbili zimefichwa chini ya karatasi ya lebo. Ndani utakuta sahani zinazong'aa. Za inchi 3.5 mara nyingi ni alumini: zikwaruze kwa nguvu pande zote mbili, zikunje, zitoboe. Kwa atakayesoma hapa akiwa na diski ya laptopu, ya inchi 2.5, kumbuka sahani zake mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vidogo sana. Vaa miwani ya kazi, ifunge kwanza ndani ya kitambaa kizito, mtoto asiwe karibu.

Karibu na mkono wa vichwa kuna sumaku mbili kali. Zitoe kwa uangalifu, zikibanana na kidole katikati utajuta. Ni nzuri za kushikia skrubu usizipoteze.

#31 chaki_nyeupe

Sahani mbili, nimezikunja zote. Sumaku nimezibandika kwenye kasha la kompyuta, upande wa nje. Ahsanteni wote, hata Jembe.

#32 Jembe_Bila_Mpini

Nimeshiriki vya kutosha.

#33 NusuKaratasi

Na mimi nimeitoa ile ya chini ya meza. SSD imekaa vizuri, ila kuna hadidiski ya pili humo ambayo inapotea na kurudi. 05 sufuri, C5 sufuri, C6 sufuri. Ila C7 ina 0000000003E8. Nifomati?

#34 Fundi_Sekta

3E8 ni 1,000. C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na madabodi. Sahani hazihusiki hapo. Badilisha waya wa SATA, na diski ichomeke kwenye tundu jingine. Namba hiyo haishuki hata ukitengeneza, kwa hiyo iandike mahali, tumia kompyuta wiki nzima, kisha uangalie kama imepanda. Fomati usiiguse.